Mtetemo wa Gari Barabarani: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Gari linalotembea ni mkusanyiko wa vitu vinavyozunguka kwa kasi zisizofanana. Magurudumu huzunguka kwa kasi yake, propela inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na krenki, yaani ule mhimili wa chuma ulio ndani ya injini unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, huwa na kasi nyingine kabisa ambayo hubadilika kila gia inapobadilishwa. Kimojawapo kikikosa ulinganifu, gari zima hutetemeka, na mtetemo huo hubeba alama ya kasi ya kitu kilichouzaa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba alama hiyo inaweza kusomwa kabla nati hata moja haijalegezwa, na kwamba desturi iliyoenea katika gereji nyingi ya kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka mtetemo ukome ni desturi ya gharama kubwa isiyo ya lazima, tena yenye hatari, kwa kuwa humwacha mwenye gari akiendelea kusafirisha watu katika chombo ambacho ubovu wake halisi haujaguswa.

Mtetemo ni mwendo wa kwenda na kurudi unaojirudia, na idadi ya marudio hayo katika sekunde moja ndiyo kipimo chake cha kwanza. Kipimo hicho huitwa hezi, kwa kumkumbuka mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz, hivyo mtetemo wa hezi 14 ni ule unaojirudia mara 14 kila sekunde. Hesabu inayohusu gari ni nyepesi. Tairi lililoandikwa 195/65 R15, ambalo upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 15, lina mzingo wa karibu mita 2, maana yake ni kwamba kila linapozunguka mara moja gari husogea mita 2. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hukata karibu mita 28 kwa sekunde, na kwa hiyo kila gurudumu lake huzunguka mara 14 katika muda huo. Ikiwa ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, propela yake huzunguka mara nyingi zaidi, kwa sababu difu, yaani kile kisanduku cha meno kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, hupunguza mzunguko kabla ya kuufikisha kwenye magurudumu. Pale ambapo difu hupunguza kwa uwiano wa 4.1 kwa 1, propela huzunguka karibu mara 57 kwa sekunde katika mwendo huohuo. Injini nayo, ikiwa katika mizunguko 3,000 kwa dakika, huzungusha krenki mara 50 kwa sekunde, na kama ina silinda nne huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde.

Namba hizo tatu, 14, 57 na 100, ziko mbali mno kiasi kwamba mwili wa binadamu unaweza kuzitofautisha bila chombo chochote. Mtetemo wa hezi 10 hadi 20 ni mtikisiko unaoonekana kwa macho: usukani hucheza mikononi, na kioo cha pembeni huonyesha taswira inayotikisika. Ule wa hezi 50 hauonekani tena; huingia kupitia nyayo na makalio kama ganzi, huku ukiambatana na mvumo mzito ndani ya gari. Ule wa hezi 100 na zaidi husikika kwa masikio kuliko unavyoguswa kwa mwili. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutumia simu ya kisasa, kwa kuwa simu hizo zina kihisi cha mwendo, na zipo programu zinazochora idadi ya marudio kwa sekunde simu ikilazwa sakafuni mwa gari. Abiria ndiye anayepaswa kuitazama, wala si dereva. Grafu ikionyesha kilele kwenye hezi 14 katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mjadala kuhusu propela na injini umekwisha hapo, na kilichobaki ni kujua gurudumu lipi.

Hata bila simu wala kikokotoo, uchunguzi unaweza kuendelea kwa kujiuliza mtetemo unafuata nini: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, au kitendo fulani cha dereva kama kukanyaga breki, kuongeza mafuta au kukata kona. Jaribio la kutenganisha mawili ya kwanza linahitaji barabara tupu, iliyonyooka na isiyo na mteremko mkali. Dereva hulifikisha gari kwenye mwendo ambao mtetemo hujitokeza, huondoa mguu kwenye mafuta, huweka gia huru, kisha huliacha gari liserereke kwa nguvu ya mwendo wake. Injini hushuka papo hapo hadi mizunguko kama 700 au 800 kwa dakika ilhali magurudumu yanaendelea karibu kama kwanza, kwa hiyo mtetemo ukibaki vilevile, injini haina hatia. Katika jaribio hilo injini haizimwi kamwe, kwa sababu usukani hupoteza msaada wake na breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara chache tu kabla ya kuwa ngumu. Upande wa pili wa jaribio hufanyika gari likiwa limesimama: injini hupandishwa taratibu hadi mizunguko ileile iliyokuwapo wakati wa mtetemo, na ikiwa mtetemo utajitokeza gari likiwa halijasogea hata hatua moja, magurudumu na propela vimeondoka katika orodha ya watuhumiwa.

Mahali mtetemo unaposikika pana thamani yake pia, ingawa ushahidi huo ni hafifu kuliko ule wa marudio. Mtikisiko unaoanzia kwenye usukani kwa kawaida hutoka magurudumu ya mbele, kwa kuwa magurudumu hayo ndiyo yaliyounganishwa na usukani kupitia tairodi, vile vyuma vinavyoyasukuma yageuke. Unaosikika kwenye kiti na sakafu huelekea kutoka nyuma, au kwenye mhimili wa kupeleka nguvu. Bodi za magari ya kisasa, hata hivyo, zimeunganishwa kipande kimoja na hupeleka mtetemo mbali na ulikozaliwa, na fundi anayeamua kwa kiti pekee atakosea mara nyingi. Kwa sababu hiyo maelezo ya dereva yanapaswa kuhesabiwa kuwa ushahidi na kuandikwa kabla ya kazi kuanza: ni mwendo gani, gia gani, mguu ulikuwa kwenye mafuta au kwenye breki, hali ilianza lini, na siku chache kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini. Swali hili la mwisho huokoa fedha nyingi kuliko mashine yoyote, na linashangaza kwa jinsi lisivyoulizwa.

Magurudumu yanastahili kuchunguzwa kwanza kwa sababu ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote, na kwa sababu uchunguzi wake ni wa bei nafuu. Tatizo linalojulikana zaidi ni kutolingana kwa uzito. Gramu 30 za ziada kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15 ni kitu kidogo ambacho mkono hauwezi kukihisi gurudumu linapobebwa, lakini gurudumu likizunguka mara 14 kwa sekunde, gramu hizo huvuta kuelekea nje kwa nguvu ya nyutoni 43 hivi, yaani kama mzigo wa kilo 4 na zaidi unaoning'inizwa juu, mbele, chini na nyuma ya ekseli kwa zamu, mara 14 kila sekunde. Jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa huvuta mkono kwa namna hiyohiyo. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukipungua hadi nusu, yaani kilomita 50 kwa saa, nguvu hushuka hadi robo, kama nyutoni 11, ambazo mipira ya sasipensheni huzimeza bila dereva kutambua lolote.

Lakini mraba wa mwendo hauelezi jambo moja ambalo madereva wengi wameliona, nalo ni kwamba mtikisiko huanza kwenye kilomita 80 hivi, hukolea kwenye 100, kisha hupungua gari linapopita 120. Kama nguvu inazidi kukua, kwa nini mtikisiko upungue? Jibu liko katika tabia ya kila kitu kilichoning'inizwa kwenye springi, yaani kuwa na idadi yake ya asili ya marudio kinapoguswa. Gurudumu likiwa limekaa kati ya upepo wa tairi lake chini na springi na bushi za sasipensheni juu, huwa na marudio ya asili ya kati ya hezi 10 na 15 hivi, na hayo ndiyo marudio ambayo gurudumu lisilolingana hutoa gari likiwa kati ya kilomita 75 na 110 kwa saa. Msukumo unapokutana na marudio ya asili, mwitikio hukua kupita kiasi, hali ambayo katika fizikia huitwa rizonansi. Mwendo ukiongezeka zaidi, makutano hayo hupitwa na mtikisiko hutulia ingawa ubovu upo palepale. Kuongeza mwendo ili mtikisiko uondoke ni ushauri unaosikika mara kwa mara barabarani, na ni ushauri mbaya, kwa sababu nguvu inayokula beringi, boljointi (vile viungo vya tufe vya sasipensheni) na tairi lenyewe inazidi kuongezeka wakati dereva akidhani amepona.

Hapo pia pana sababu ya gari kuonekana zima mjini na bovu safarini. Tanzania na Kenya zote zinaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na mwendo huo hauwezi kuamsha mtetemo wa magurudumu uliokwisha kuelezwa. Gari linaweza kuzunguka Dar es Salaam miezi mingi bila dalili, na dalili ya kwanza ikajitokeza Chalinze, barabara inapofunguka.

Kabla ya kulipeleka gurudumu kwenye mashine ya kubalansi, inafaa kutazama upande wake wa ndani. Tope lililoingia kwenye rimu katika barabara ya udongo na kukauka humo ni kisababishi cha kawaida sana wakati wa masika, linaweza kuwa zito kuliko kipande chochote cha risasi kinachobandikwa gereji, na dawa yake ni maji na brashi. Kinachofuata ni kuangalia kama vipande vya uzito vilivyokuwa vimebandikwa bado vipo, kwani vile vya gundi hudondoka, na alama ya mstatili iliyo safi kuliko chuma kinachoizunguka huonyesha mahali vilipokuwa. Ubalansi wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha hakuna upande wa duara ulio mzito kuliko mwingine. Ya pili ni kuhakikisha uzito umelingana baina ya uso wa ndani na uso wa nje wa gurudumu, kwa sababu gurudumu pana lenye uzito wa ziada nje upande mmoja na ndani upande wa pili halitaruka juu na chini bali litayumba kushoto na kulia, na kuuchezesha usukani. Fundi anayebandika vipande upande wa ndani pekee bila kuirekebisha mashine kwa ajili hiyo amefanya nusu ya kazi.

Kuna kosa lingine ambalo mashine haiwezi kuliona. Mashine hulishika gurudumu kwa koni inayojipanga katikati ya tundu kubwa la rimu, ilhali kwenye gari gurudumu hukaa juu ya habu, yaani kile kitovu cha chuma chenye misumari ya nati. Rimu za alumini zinazouzwa madukani mara nyingi hutengenezwa na tundu kubwa ili zitoshe magari ya aina nyingi, na pasipokuwa na ringi nyembamba ya kuziba nafasi inayobaki, gurudumu linaweza kufungwa likiwa limehama kidogo kutoka katikati. Litasomeka sifuri kwenye mashine na litatikisika barabarani, na mwenye gari atalilipia kubalansiwa mara ya pili na ya tatu bila mafanikio. Kutu iliyoganda juu ya uso wa habu hufanya vivyo hivyo kwa gurudumu lolote, hata la asili.

Tofauti na uzito ni umbo. Tairi linaweza kuwa limebalansiwa kikamilifu na bado lisiwe duara, na tofauti ya milimita moja au mbili tu katika kimo chake hutosha kuinua na kushusha gari katika kila mzunguko. Kwa kuwa tatizo la umbo haliitegemei ile nguvu ya kuvuta nje ambayo hukua na mwendo, hujionyesha hata gari likienda polepole: gari linaloyumba au kudunda kwenye kilomita 20 hadi 40 kwa saa huwa na tairi lililoharibika umbo, au rimu iliyopinda kwenye shimo, wala halihitaji kubalansiwa. Jambo hili lisipuuzwe hata kidogo. Tairi hutengenezwa kwa matabaka ya mpira, nyuzi na mikanda ya waya za chuma, na mikanda hiyo ikianza kuachana kwa joto, uzee au pigo la shimo, uvimbe hutokea juu ya uso au ubavuni, na tairi la namna hiyo linaweza kuchanika lote wakati wowote katika mwendo wa barabara kuu. Anayesikia mdundo huo asimame, apitishe kiganja juu ya uso wa tairi lililopoa, na akikuta uvimbe afunge tairi la akiba hapohapo.

Suala la umri wa matairi linazigusa nchi za Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya magari yake huingia yakiwa yametumika, mengi kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini miaka 8 ni mingi kwa mpira hata kama kashata zake, yaani yale matuta ya uso wa tairi, zinaonekana mpya. Tarehe ya tairi imeandikwa ubavuni mwake: tarakimu nne za mwisho katika mfuatano unaoanza na herufi DOT hutaja wiki na mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililokaa muda mrefu bandarini au uwanjani bila kusogezwa huweza pia kuwa na bapa mahali tairi lilipogusa ardhi. Bapa dogo huisha tairi likipata joto baada ya kilomita kadhaa, kubwa halirudi.

Ili kujua gurudumu lipi lina kosa, haihitajiki mashine. Magurudumu ya mbele huhamishiwa nyuma na ya nyuma mbele, kisha gari huendeshwa barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtikisiko ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, kosa limesafiri na gurudumu. Ukibaki pale ulipokuwa, kosa liko kwenye gari, yaani habu, beringi, boljointi au tairodi. Hizo nazo hupimwa kwa mikono, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi imara. Gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa, kisha kushoto na kulia: mchezo wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au boljointi, na msaidizi akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, beringi ndiyo iliyolegea; mchezo wa kushoto na kulia pekee huelekeza kwenye tairodi.

Inapasa kusemwa wazi hapa kwamba alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, haiondoi mtetemo. Pembe mbaya hulivuta gari upande na kuyala matairi pembeni, na matairi yaliyoliwa kwa mabonde huja kutetemesha baadaye, lakini kufikia hapo kurekebisha pembe hakulirudishii tairi umbo lake. Maelfu ya madereva wamelipia alaimenti kwa ajili ya usukani unaocheza kwenye kilomita 100 kwa saa, wakaambiwa vipimo sasa ni sahihi, na wakaondoka na mtikisiko uleule. Vipimo vilikuwa sahihi kweli. Swali ndilo halikuwa sahihi.

Mtetemo unaozaliwa tu pale breki inapokanyagwa una maelezo ambayo hufahamika vibaya. Husemwa kwamba diski, lile sahani la chuma linalobanwa na pedi ili kulipunguza gari mwendo, limepinda kwa joto. Katika hali nyingi halijapinda. Unene wake umekosa usawa, na tofauti ya milimita 0.02 hivi kutoka sehemu moja ya duara hadi nyingine hutosha kuisukuma pedi na kuivuta kwa kila mzunguko hadi usukani ucheze. Tofauti hiyo hujengeka polepole. Diski likifungwa juu ya habu yenye kutu, au nati za gurudumu zikikazwa bila usawa, huzunguka likiyumba kiasi kidogo sana, likigusana na pedi mahali palepale hata breki isipokanyagwa, na baada ya kilomita elfu kadhaa mahali hapo huwa pameliwa. Ndiyo maana diski jipya lililofungwa bila kusafishwa habu hurudi na ugonjwa uleule baada ya miezi michache, na duka la vipuri hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Nati zinastahili kukazwa kwa mpangilio wa kuvukana, si kwa kuzunguka duara, na kwa spana ya kipimo; magari mengi madogo ya Toyota hutaka nyutoni-mita 103, kiasi ambacho bunduki ya upepo inaweza kukipita kwa kufumba na kufumbua. Mpigo wa haraka unaosikika kwenye pedali wakati wa kufunga breki ghafla kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande, ni kazi ya mfumo wenyewe na si ubovu.

Kundi jingine ni la mitetemo inayotokea gari linapovuta na kuisha mguu ukiondolewa kwenye mafuta. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, nguvu hupita kwenye shafti mbili fupi zenye viungo vya kupinda kila mwisho, ambavyo mafundi huviita CV joint. Kiungo cha ndani kikilika, gari hutikisika upande hadi upande likiwa linaongeza kasi, hasa likipanda mlima na mzigo. Kile cha nje hulia taka-taka kwenye kona kali. Katika magari ya propela, kiungo ni krosi, msalaba mdogo wa chuma wenye beringi nne. Kiungo hicho, ambacho huhusishwa na majina ya Gerolamo Cardano wa Italia na Robert Hooke wa Uingereza, kina tabia ya kimaumbile ambayo hakuna ufundi unaoweza kuiondoa: kikipinda, upande unaosukumwa hauzunguki kwa kasi moja bali huharakisha na kusita mara mbili katika kila mzunguko. Propela hufungwa krosi mbili ili kusita kwa moja kufutwe na nyingine, na kufutana huko hutegemea mambo mawili, pembe zake ziwe sawa na mikono yake ielekee upande mmoja. Fundi akiichomoa propela ya vipande viwili bila kuiwekea alama ya rangi, kisha akairudisha ikiwa imegeuka jino moja, ameanzisha mtetemo katika gari lililokuwa zima. Anayeinua pikapu kwa springi ndefu au kuongeza mikanda ya springi ili lipite kwenye mashimo hubadilisha pembe hizo, na mtetemo unaofuata hautaisha kwa kununua krosi mpya.

Magari ya gia otomatiki yana mtikisiko wake, unaofanana na kupita juu ya matuta madogo ya rasta kwa sekunde moja au mbili, gari likiwa katika mwendo wa wastani na mguu umelala kidogo tu juu ya mafuta. Hapo ndipo klachi ya ndani ya toki konveta, chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi, hujifunga, na mafuta yaliyochoka au yasiyo ya aina yake huifanya ikamate na kuachia. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia za meno, huhitaji mafuta yake mahususi, na kuzijaza mafuta ya giaboksi za kawaida ni njia ya haraka ya kuziua.

Injini inapokuwa ndiyo chanzo, jaribio la gari kusimama huwa limekwisha kulionyesha jambo hilo. Silinda moja isipowasha, injini humisi, na gari hutikisika zaidi likiwa limesimama kuliko likienda. Kupima kwa kompyuta hutoa namba kuanzia P0301 hadi P0304 kwa injini ya silinda nne, tarakimu ya mwisho ikitaja silinda, na hatua ya busara ni kuhamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda jirani na kuona kama namba itahama nayo kabla ya kununua nyingine. Injini ikiwasha vizuri lakini gari likatetemeka zaidi gia ikiwa kwenye D na breki imekanyagwa, kisha likatulia kwenye N, mipira ya kuifungia injini kwenye bodi ndiyo ya kutazamwa.

Nje ya makundi haya yote kuna mtikisiko mmoja usiofuata hesabu ya mizunguko. Magari yenye ekseli nzima ya mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinazobeba watalii na wagonjwa katika barabara za vumbi za Tanzania, au Suzuki Jimny, yanaweza kugonga shimo moja na ghafla magurudumu ya mbele yakaanza kupigapiga kushoto na kulia kwa nguvu ya kutisha, bila kukoma hata barabara ikiwa laini. Shimo liliuamsha mwendo huo tu. Unaoulisha ni mwendo wa gari lenyewe, ukipitia kwenye ulegevu wa beringi za kingpini, ambazo ndizo egemeo la gurudumu linapogeuka, au bushi za chuma kirefu kinachoizuia ekseli isiende pembeni. Dereva hushika usukani kwa uthabiti bila kupigana nao, huachia mafuta na kuliacha gari lipungue mwendo taratibu. Kufunga shokapu mpya ya usukani huuficha ugonjwa huo kwa muda, wakati ulegevu unaendelea kukua chini yake.

Mtetemo wa mwisho wa kutajwa ni ule unaoanza siku ileile au siku chache baada ya gurudumu kufunguliwa, kwa ajili ya pancha, breki au kubadilisha tairi, na unaozidi kukolea kilomita baada ya kilomita. Huo haujaribiwi kwenye barabara tupu wala hausubiri gereji: gari huegeshwa, pembetatu huwekwa nyuma yake, na nati zote hukazwa kwa mkono moja baada ya nyingine, kwa sababu nati zilizolegea hupanua matundu ya rimu, hukata misumari, na gurudumu huondoka. Gurudumu lililofungwa upya hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100 hata kama gari limetulia kabisa, hasa likiwa la rimu za alumini, na rimu ambayo matundu yake yamekwisha kupanuka hairudishwi garini.